Punje Chini ya Jino

Septemba 3

Daftari hili lilikuwa la kemia. Nimeng'oa kurasa sita za mbele, zilizobaki ni tupu, na shule imekwisha, kwa hiyo sasa ni langu. Ninaandika kwa sababu maneno yangu hutoka vizuri pale ambapo hakuna mtu anayeyangoja.

Tangu leo kazi yangu ni kuamia ndege kwenye mpunga wa Bibi. Dungu ninalokalia si dungu hasa. Mjomba Khoát, ndugu yake Mama, alilijenga kwa mianzi mwezi wa tano ili wageni wasimame juu yake wapige picha. Lina hata kibao chenye mchoro wa moyo. Mimi nimefunga kamba nne zenye mikebe, nikivuta, ndege wanaruka. Chini yangu shamba linashuka ngazi kumi na moja mpaka kijitoni.

Huu ni mpunga wa kunata, mrefu, unanifika kifuani. Hapa Nà Khoang hakuna nyumba nyingine yenye mbegu hii. Wote wanapanda ya dukani, fupi, inayoiva upesi. Bibi aliipokea kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Haikai zaidi ya mwaka ghalani, sharti ipandwe kila mwaka. Ikipotea msimu mmoja, imepotea.

Septemba 4

Asubuhi Bibi ameingia shambani kuuma punje.

Kwetu shamba halifunguliwi kwa kalenda. Mwanamke mkubwa wa nyumba huchuma punje mahali patatu, juu, katikati na chini, akaiweka kila moja chini ya jino. Ikibonyea, mpunga ni mbichi. Ikilia ka, umeiva. Asipotamka, hakuna anayetia mundu, hata awe mwenye nyumba, hata awe mwenyekiti wa kijiji. Bibi ana miaka sabini na nane, na meno yake bado ni meusi kwa rangi aliyopakwa alipokuwa mwari.

Aliuma, akatema, akasema, "Bado."

Nami nilijaribu moja. Ilitoka maziwa. Kweli bado.

Septemba 6

Ndege. Mvua kidogo. Ndege.

Septemba 8

Leo Bibi amekata mafungu machache ya masuke mabichi kwa ajili ya pepeta. Hilo halina kizuizi, pepeta si mavuno. Tumekaanga punje kwenye kikaango kikubwa, tukatwanga mimi na Mama kwa kupokezana, mpaka zikawa bapa na kijani. Nyumba nzima ilinukia. Bibi aliweka sahani ya kwanza kwenye meza ya wahenga, tukala za baadaye kwa ndizi mbivu.

Tulipokuwa tunatwanga Mama alinieleza mpango wote. Wapiga picha kumi na wawili kutoka Sài Gòn watafika tarehe 24, watalala kwetu siku tatu. Mwaka jana walikuja wengine wakakuta tumeshavuna, visiki vitupu, na mmoja akaandika mtandaoni kwamba nyumba yetu inadanganya watu kwa picha za zamani. Kuanzia hapo mpaka Tết, sikukuu yetu ya mwaka mpya, hakuna aliyelala kwetu isipokuwa muuza nguruwe mmoja aliyenyeshewa. Kwa hiyo mwaka huu Mama amewaahidi hawa kwa kinywa chake: mtaukuta mpunga umesimama, wa dhahabu.

Baba yuko Bắc Ninh mwaka wa nne sasa, kiwandani, anaunganisha vipande vya simu. Mama anaamini nyumba ikipata wageni misimu miwili mfululizo Baba atarudi. Hakusema kwa sauti ya kuomba. Alisema kama mtu anayesoma saa.

Halafu akasema mimi ndiye nitakayesimama dunguni kuwaeleza wageni habari za mpunga wetu, kwa kuwa nimesoma. Nilikosa pa kuweka mchi.

Septemba 9

Nimejaribu hotuba mbele ya kuku. "Karibuni. Huu ni mpunga wa kunata wa bibi yangu." Baada ya hapo sikupata neno. Kuku nao waliondoka.

Septemba 11

Bibi ameuma. Bado. Nami nimeuma, ilibonyea.

Septemba 13

Kikosi cha mkono-kwa-mkono kimeanza kuvuna. Nyumba kumi na nne zinasaidiana: leo sote kwako, kesho sote kwa jirani, na aliyekuvunia, nawe unamvunia. Anayepanga zamu ni Shangazi Thoa, dada yake Baba, mwenye sauti inayovuka kijito bila daraja. Zamu yetu ni tarehe 19.

Jioni alipita kutukumbusha. Alisimama chini ya ngazi ya nyumba, hakupanda, akamwita Mama.

"Wifi, siku ya kumi na tisa nakuletea mikono ishirini na miwili. Upike samaki wa mpungani, wale wanene, usitufiche kama mwaka jana."

Mama akamjibu kwamba mwaka jana hakuwaficha, samaki wenyewe walimwona Shangazi anakuja wakajificha. Shangazi akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini akauliza pia kama ni kweli mpunga unawangoja watu wa mjini. Mama akasema mpunga unamngoja Bibi, kama siku zote. Nilidhani lilikuwa jibu zuri.

Septemba 15

Kutwa nimevuta kamba. Ngazi za jirani upande wa mashariki zimeshakatwa. Kwa mbali zinaonekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa nusu.

Septemba 16

Leo kuna jambo sikulielewa.

Bibi aliuma punje tatu, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu, na upepo ulikuwa umetulia. Nilisikia ka. Nikasikia tena ka. Ya tatu nayo, ka.

Akatema, akasema, "Bado."

Nilingoja aondoke nikachuma mwenyewe. Ngumu. Nyeupe ndani, kavu, imekatika vipande viwili kama chaki.

Sasa sijui nimesikia nini.

Septemba 17

Nimeuma punje tisa, kila ngazi moja, isipokuwa mbili za chini zenye matope. Zote zimeiva. Bibi kasema bado.

Nimefikiri pengine ni masikio yake. Pengine ni meno, yamebaki saba, na la upande wa kushoto linacheza. Au pengine mpunga wa kunata una kanuni nyingine ambayo sikuwahi kufundishwa. Nilitaka kumuuliza, nikamfuata mpaka kwenye banda la nyati, nikamwambia tu kwamba kamba ya nyati imekaza.

Septemba 18

Bado.

Septemba 19

Zamu yetu. Walikuja kabla jua halijapanda, watu ishirini na wawili na miundu yao, wakakaa ukingoni wakinywa chai. Mama alikuwa ameshachemsha maji, lakini samaki hakuwatoa bwawani, na hilo nililiona mapema kuliko wote nikaogopa.

Bibi aliingia shambani polepole. Alichuma, akauma. Watu wote walimtazama mdomo. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Bado," alisema. "Nisameheni, wanangu."

Shangazi Thoa aliruka tuta, akachuma suke zima, akaliviringisha kiganjani, akapuliza makapi. Hakuuma, maana hana ruhusa mamaye akiwa hai. Alimtazama Bibi kwa muda. Kisha akamgeukia Mama.

"Basi wifi, mpunga wako huu unangoja nini? Kupigwa picha ya kitambulisho? Upake na poda kabisa."

Wakacheka. Mama naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika birika vibaya na maji yalikuwa yanamwagika kwenye kiatu chake. Mzee mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini ya kutosha, kwamba yule bibi sasa hata ukimpa changarawe atasema bado. Wengine wakamwonea huruma Bibi. Hakuna aliyemlaumu Mama.

Zamu yetu ikaenda kwa nyumba ya juu. Shangazi alisema tutaingizwa mwisho, kama patakuwa na mwisho.

Nimekaa dunguni mchana mzima na sikuvuta kamba hata moja kwa karibu saa nzima. Ndege wamekula. Ni kosa langu, nimeliandika.

Septemba 20

Mashamba yote yanayotuzunguka yamekatwa. Sikujua ingekuwa hivi: ndege wa upande huu wote sasa hawana pengine pa kula. Wamekuja wote kwetu. Wanatua kama blanketi, mikebe hawaiogopi tena. Nimepiga sufuria, nimepiga kelele. Mimi, kupiga kelele. Sauti hiyo sijui ilitoka wapi.

Na panya pia. Ngazi ya nne ina njia tatu za panya.

Kwa mbali, kutoka barabarani, watu wawili wa pikipiki walisimama kupiga picha. Kweli ni pazuri. Pande zote kahawia, na katikati dhahabu yetu peke yake. Niliona aibu kwa jinsi palivyo pazuri.

Septemba 21

Nimemwambia Mama.

Alikuwa anafua mashuka ya wageni kwenye bomba. Nilisema haraka, kabla woga haujanikamata, kwamba nadhani Bibi ameanza kusahau, kwamba mpunga umeiva tangu tarehe 16, nimeuuma mwenyewe. Nilitegemea atashtuka. Au atafurahi, kwa kuwa kusahau kwa Bibi kunamfaa. Kwa siku mbili nilikuwa nimemfikiria Mama vibaya, nikidhani anamtumia mzee asiyejua.

Hakushtuka wala hakufurahi. Aliacha shuka likazama.

"Mwache bibi yako," alisema. "Mkubwa akishasema, amesema. Na wewe usiumeume punje za watu kama panya."

Halafu akaendelea kufua shuka lile lile ambalo alikuwa ameshalisuuza.

Sielewi. Kama anaamini neno la Bibi, mbona hakunitazama? Kama haamini, mbona hasemi? Nimeandika maswali haya mawili nikayasoma mara tano. Hayajibiki.

Septemba 22

Punje zimeanza kudondoka zenyewe. Ukipita kati ya mashina unazisikia kwenye majani makavu.

Septemba 23

Kipaza sauti cha kijiji kimesema asubuhi na jioni: kimbunga kimeingia pwani, mvua kubwa itafika milimani kuanzia alasiri ya tarehe 25. Wenye mazao nje wayaingize.

Mjomba Khoát akaja na pikipiki yenye tope mpaka kwenye taa. Mlima umeporomoka barabarani, basi la wageni limekwama mjini, watafika tarehe 26 au 27. Mama akauliza kama wameghairi. Hapana, wanasema watakuja, mradi mpunga uwepo. Mjomba akarudia hilo: mradi mpunga uwepo. Akasema vimbunga vingi hufika huku vimeshachoka, hiki nacho kitakuwa manyunyu tu. Alisema akimtazama Mama, si mbingu.

Chakula cha jioni tulikula samaki. Bibi alimpa Vện, mbwa wetu, ngozi ya samaki. Nilihesabu waliokuwa wakitafuna bila kusema: watatu, na mbwa.

Septemba 24

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi Shangazi Thoa alikuja peke yake. Leo hakutania. Alipanda ngazi, akakaa karibu na meko, akakataa chai. Akamwambia Bibi kwamba jana wamemaliza nyumba ya kumi na tatu. Kesho mikono yote iko huru mpaka mchana, mvua ikifika. Keshokutwa vijana wanakwenda kubandua mdalasini Yên Bái na hawarudi kabla ya mwezi kuisha.

"Mama," alisema, "sikulazimishi. Lakini mbegu hii ukiilaza majini, mimi sina nyingine ya kukuletea. Hakuna aliye nayo."

Bibi akasema twende shambani. Tukashuka sote: Bibi, Mama, Shangazi, mimi nyuma. Mjomba Khoát alikuwa dunguni anafunga taa za rangi. Majirani kadhaa waliona tukishuka wakaja ukingoni, maana hapa hakuna mtu anayeshuka shambani na jamaa zake bila kufuatwa.

Bibi alichuma punje. Aliishika mbele ya jicho, akaizungusha. Nilingoja aitie mdomoni. Hakuitia. Alinyoosha mkono kwangu.

"Jino langu limechoka," alisema. "Uma wewe, Nhài."

Mjomba aliuliza kutoka juu, tangu lini watoto wanafungua mashamba. Shangazi alinitazama kwa macho makubwa. Mama alikuwa anatazama mpunga, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Punje ilikuwa na joto la vidole vya Bibi. Niliiweka chini ya jino. Naapa katika muda ule niliona kila kitu: nikisema bado, wageni wanakuja, Mama anatimiza ahadi, Baba anakaribia nyumbani kwa kitanda kimoja baada ya kingine, na mvua inaulaza mpunga wa bibi wa bibi yangu matopeni. Nikisema umeiva, Mama anakuwa mwongo kwa wageni mwaka wa pili. Na Bibi anakuwa ama kipofu wa jino ama mwongo mbele ya kijiji, kwa siku zote hizi. Hakukuwa na neno lisilomvunjia mtu kitu. Na mimi ni yule msichana aliyekuwa akiitwa mbele darasani akasahau jina lake.

Niliuma. Ililia ka. Walisikia wote, nadhani hata Mjomba.

Midomo ilifunguka bila sauti. Bibi akasubiri. Hakunisaidia hata kwa kope.

"Umeiva," nilisema.

Ilitoka ndogo sana. Mtu ukingoni akauliza, kasemaje? Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa namtazama Mama.

"Umeiva. Uliiva zamani."

Neno lile, zamani, sikuwa nimelipanga.

Mama akageuka akapanda nyumbani. Shangazi Thoa akapumua kama aliyetua mzigo, akaita majina ya watu ukingoni mmoja mmoja, kesho alfajiri, kesho alfajiri. Mzee yule wa changarawe akamwambia Bibi asijali, uzee ni uzee. Bibi akainamisha kichwa, akakubali kwamba ni uzee.

Septemba 25

Tumevuna. Mpunga wa kunata haukatwi kwa mashina, unakatwa suke kwa suke na kufungwa mafungu, kwa hiyo mikono ishirini na miwili ni michache. Tulianza gizani, mvua ikaanza saa tano badala ya alasiri. Ngazi mbili za chini hatukuziwahi.

Mafungu yalikuwa yamelowa, hayawezi kukaa ghalani, sharti yaning'inizwe ndani, juu ya moshi. Nafasi juu ya meko ya Bibi ilijaa mara moja. Watu wakasimama uvunguni mwa nyumba na mafungu mabegani, maji yakiwachuruzika, hawajui wayapeleke wapi. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu jana, akaingia kwenye chumba cha wageni. Akavuta magodoro kumi na mawili mapya moja moja, akayasimamisha ukutani. Akatundika kamba kutoka nguzo hadi nguzo.

"Leteni huku," alisema. Hayo tu.

Tulipokuwa tunatundika nilimuuliza Bibi kwa sauti ya chini. Sikuuliza vizuri. Nilisema tu, kwa nini.

Aliendelea kufunga. Akasema mkwe wake aliwaahidi watu. Kama jino lake lingesema umeiva, mkwe wake angebaki na mawili, kuvunja ahadi kwa wageni au kuonekana mchoyo na mkaidi kwa mawifi zake. Jino likisema bado, kosa ni la jino.

"Na mimi namtaka mwanangu arudi," akaongeza. "Unadhani ni mama yako tu?"

Nikamuuliza mbona basi jana alinipa mimi.

"La kwangu lilishasema mara nyingi. Lisingeweza kugeuka. La kwako halikuwa limesema kitu."

Akaniambia nisimwambie Mama. Anaamini kweli ulikuwa mbichi, alisema, mwache aamini.

Septemba 26

Upepo na mvua kutwa. Dungu limeanguka pamoja na kibao cha moyo. Ngazi mbili za chini zimelala zote, zimefunikwa matope, hazionekani hata zilipokuwa.

Septemba 28

Wamefika watano. Saba waligeuza njia wakaenda bonde jingine ambako bado mpunga umesimama. Mwanamume mmoja mwenye kamera mbili alisimama ukumbini, akaliangalia bonde lenye visiki, akasema siku tatu za basi kwa ajili ya kichwa kilichonyolewa. Mama alimwomba radhi. Akaomba radhi tena. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya samaki, sikujua kama niingie au nife.

Walilala kati ya mafungu, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kulikuwa na mama mmoja mstaafu, Bi Dung, mwembamba, anayekohoa. Aliniuliza mpunga uko wapi sasa. Nilimwonyesha juu. Alikuwa amelala chini yake tangu aingie bila kujua ni nini. Alitazama darini kwa muda mrefu, masuke yamejipanga kama nywele za watu wengi. Nikajikuta nasema: "Karibuni. Huu ni mpunga wa kunata wa bibi yangu." Na leo maneno hayakuishia pale. Nilimweleza kuhusu jino na ka, ila sikumweleza yote.

Hakupiga picha. Alilala usingizi. Sijui kama alisikia.

Septemba 30

Wameondoka siku moja kabla. Yule wa kamera mbili hakuaga. Bi Dung amebeba pepeta kidogo kwenye mfuko wake wa dawa.

Mama ananipa kazi kwa kuelekeza kwa kidevu. Siku ya sita sasa.

Oktoba 2

Baba amepiga simu. Mama amemwambia mavuno mazuri. Hakumwambia lolote kuhusu wageni, wala kuhusu mimi.

Oktoba 5

Leo tumekula mchele mpya. Bibi amepika wali wa kwanza, akaweka bakuli kwenye meza ya wahenga, kisha bakuli la pili akamwekea Vện uvunguni. Ndivyo ilivyo kwetu, mbwa huonja kabla ya watu, kwa sababu zamani za zamani ndiye aliyetuletea mbegu mkiani mwake. Shangazi Thoa alikuwepo, akamuuliza Vện kama umeiva au bado. Watu wakacheka, na Bibi akacheka zaidi ya wote, akifunika meno kwa mkono. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja. Akachukua kijiko, akanipakulia wali, akauminya kwa vidole nisiunguzwe, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Nilikula wote.

Baada ya chakula akaniambia, kwa maneno, si kwa kidevu, nikafue nguo za mavunoni, zimekaa kapuni tangu kimbunga.

Niko bombani sasa, daftari liko juu ya ndoo. Nimekuta koti la Mama, lile la kijani analovaa alfajiri akienda kulisha nyati. Njia ya kwenda kwa nyati inapita kando ya ngazi ya tatu. Nimeingiza mkono mfukoni kutoa takataka, kama ninavyofanya kila mara.

Ni punje. Zimejaa kiganja changu. Zote zimeumwa, zimekatika katikati, nyeupe na kavu. Nimezipanga juu ya jiwe. Baadhi ni nyembamba na za kijani, za mwanzoni kabisa, zimebonyea. Zilizobaki zimekatika kama chaki. Aliuma kila baada ya siku chache. Hakuzitema shambani. Aliziweka mfukoni ili Bibi asije akaona makapi kwenye tuta akajua kwamba mkwe wake anajua.

Kwa hiyo sote watatu tulikuwa tunauma. Bibi alisema bado ili kumficha Mama. Mama alinyamaza ili asimfedheheshe Bibi. Mimi nilidhani mmoja amesahau na mwingine anadanganya. Kama ningelijua hili tarehe 24 sijui ningesema nini. Sijui kama Mama ananikasirikia kwa kusema, au kwa kuongeza lile neno, zamani, au kama hakunikasirikia kamwe, bali alikuwa anaona aibu kwamba lilisemwa na mtoto. Sijui nani alikuwa anamkinga nani. Nimejaribu kuchora mishale kwenye ukurasa huu na imekuwa kama njia za panya.

Na Bibi kaniomba nisimwambie Mama. Na Mama hajaniomba lolote.

Punje iliyoumwa haioti, hata ukiiweka kwenye matope mazuri. Nimezikusanya zote kutoka kwenye jiwe. Nimezirudisha mfukoni, nikalikunja koti, nikaliweka chini kabisa ya kapu.

Mama ameniita kutoka mekoni. Anauliza kama nimeshafua lile koti lake la kijani.

"Bado," nimemjibu.